Kipofu wa Bethsaida: kwa nini Yesu alimwekea mikono mara mbili?

#1 Kinanda cha Kale (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri, naongoza ibada ya nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Wiki tatu zilizopita somo lilikuwa Marko 8:22-26. Nilijiandaa dakika kumi, maana nilidhani mwujiza huu naujua: kipofu kaletwa, Yesu kamponya, tufumbe macho tuombe. Nikasoma mpaka pale kipofu anaposema "Naona watu kama miti, inakwenda." Bibi mmoja muuza maandazi, ambaye kwa kawaida hafungui mdomo mpaka chai ije, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo mara ya kwanza ilishindikana?"

Nikaanza kukohoa.

Nilijibu kitu kuhusu mapenzi ya Mungu, watu wakaitikia amina, chai ikaja. Ila usiku sikulala vizuri. Swali lile ni la haki kabisa. Katika Injili zote nne huu ndio uponyaji pekee unaofanyika kwa awamu. Mwenye ukoma anatakasika mara moja. Mama mkwe wa Petro homa inamwacha, anainuka na kuwahudumia. Lazaro siku nne kaburini anaitwa mara moja tu, anatoka. Kisha huyu wa Bethsaida anawekewa mikono, anaulizwa anaona nini, na jibu lake kwa lugha ya mtaani ni "bado bado", mpaka anawekewa mikono tena.

Marko peke yake ndiye anayeisimulia habari hii. Mathayo na Luka wanasimulia mengi yale yale anayosimulia Marko, lakini hapa wote wawili wamepita kimya. Wamepita kimya pia kwenye habari ya bubu-kiziwi wa Marko 7, yule wa "Efatha", na kote kuwili kuna mate na kuna mgonjwa kutengwa na watu.

Sasa nisikilizeni nilichokiona baada ya kusoma sura nzima, si mistari mitano tu.

Anzeni mstari wa 14. Wanafunzi wako chomboni, wamesahau mikate, wanao mmoja tu. Yesu anawaonya kuhusu chachu ya Mafarisayo na ya Herode, wao wanadhani anasema habari za mkate. Hapo anawauliza kama mwalimu aliyechoka: mna macho, hamwoni? Mna masikio, hamsikii? Anawakumbusha hesabu: watu 5,000, mlikusanya vikapu vingapi vya mabaki? Kumi na viwili. Wale 4,000 je? Saba. Majibu wanayo yote, hesabu wanaijua. Na bado hawajafahamu. Chombo kinatia nanga Bethsaida, na mtu wa kwanza kuletwa ni kipofu.

Ruka sasa mpaka mstari wa 27. Wanapanda kaskazini kwenda vijiji vya Kaisaria Filipi, upande wa mlima Hermoni. Njiani anawauliza, watu hunena mimi ni nani? Petro anajibu: "Wewe ndiwe Kristo." Sahihi, mia kwa mia! Aya chache mbele Yesu anaanza kusema atateswa na kuuawa, Petro huyo huyo anamvuta kando na kumkemea. Anajibiwa, "Nenda nyuma yangu, Shetani."

Petro ameona. Lakini ameona mti unaotembea. Amemwona Masihi, umbo lake amelipata, sura yake bado haijakaa sawa. Anahitaji mkono wa pili.

Na Yohana 1:44 inasema Petro ni mtu wa wapi? Bethsaida! Yeye, nduguye Andrea, na Filipo. Niliposhtukia hilo nilikaa kitandani nikawasha taa, mke wangu akauliza kama naumwa.

Kuanzia hapo Marko anaendelea na ukungu ule ule. Sura ya 9 anatabiri kifo chake mara ya pili, wao wanabishana nani mkubwa. Sura ya 10 anatabiri mara ya tatu, Yakobo na Yohana wanaomba viti, mmoja kulia, mwingine kushoto. Kisha sura ya 10 inafungwa kwa kipofu mwingine, Bartimayo wa Yeriko. Huyu anaona mara moja, anamfuata njiani, na njia ile inakwenda Yerusalemu, msalabani. Kipofu mwanzo wa safari, kipofu mwisho wa safari, na katikati yao wanafunzi kumi na wawili wanaoona nusu nusu. Sidhani kama Marko alipanga hivyo kwa bahati.

Kwa hiyo jibu langu kwa bibi wa maandazi, nililomrudishia Jumatano iliyofuata: hapana, haikushindikana. Ila wewe na mimi tunaishi katikati ya mikono miwili, na Biblia haituonei aibu.

Karibuni. Mnaopinga pia, ila kwa maandiko.

#2 Fundi Redio

Nimeweka kambi hapa. Mkuu hii ya Petro kutoka Bethsaida imenipiga.

#3 Shamba la Mpera

Mleta uzi nakuheshimu lakini unazunguka mbuyu. Jibu ni jepesi: imani ya yule mtu ilikuwa ndogo. Bethsaida ilikuwa mji wa kutokuamini, Yesu mwenyewe aliulaani, Mathayo 11:21, "Ole wako, Bethsaida!" Ndiyo maana akamtoa nje ya kijiji, anga la pale lilikuwa na kizuizi. Ukiombewa usipokee kwa ukamilifu, jichunguze kwanza.

#4 Kinanda cha Kale

Ndugu Shamba la Mpera, asante kwa kuja na andiko. Lakini twende taratibu.

Marko si mwandishi anayeficha kutokuamini kunapokuwepo. Sura ya 6, Nazareti, anaandika wazi kwamba Yesu hakuweza kufanya mwujiza wowote huko isipokuwa kuweka mikono juu ya wagonjwa wachache, na akastaajabu kwa sababu ya kutokuamini kwao. Kama tatizo la huyu kipofu lingekuwa hilo, Marko angeliandika, wino alikuwa nao. Hapa hasemi neno. Tena ukisoma, kipofu hata hakuomba. Waliomleta ndio waliomsihi Yesu amguse. Yeye kashikwa mkono tu.

Nje ya kijiji, ndiyo, nakubali lina maana, na inawezekana laana ya Bethsaida inahusika. Lakini kumtoa mtu kwenye umati si sawa na kumlaumu. Yule bubu-kiziwi wa sura ya 7 naye alitengwa na mkutano, na Bethsaida hakuwa.

Kisha baba wa mtoto mwenye pepo, Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Imani nusu imekiri hadharani kwamba ni nusu, na mtoto akapona.

#5 Mbishi wa Kijiweni

Mimi si mtu wa dini, nasoma tu. Mate kwenye macho ilikuwa dawa ya kawaida zama zile. Wanahistoria wa Kirumi, Tacitus na Suetonius, wameandika kwamba Kaisari Vespasian akiwa Aleksandria alimponya kipofu kwa mate. Sasa huyo naye tumwite nani? Hadithi za wakubwa hufanana.

#6 Kinanda cha Kale

Mbishi, karibu sana, watu kama wewe ndio wananifanya nifungue vitabu.

Umesema kweli, habari ya Vespasian ipo. Isome tena kwa Tacitus, kuna jambo dogo pale. Kipofu alipomwangukia, Vespasian kwanza alicheka, akasita, akaogopa kuonekana mtu wa majivuno. Akaita matabibu watoe maoni yao: upofu huu unatibika au hautibiki? Walipomwambia kwamba nguvu za kuona hazijafa kabisa, na kwamba ikishindikana aibu itakuwa ya wale waombaji, si yake, ndipo akafanya, mbele ya umati uliokuwa unatazama.

Yaani mwenye kiti cha enzi alijihakikishia kwanza kwamba hawezi kuaibika.

Sasa rudi Bethsaida. Umati umeachwa kijijini. Na Yesu, akiwa ametema mate na kuweka mikono, anauliza: "Waona kitu?" Mtu anayejenga jina haulizi swali hilo. Ni swali lenye mlango wa jibu baya, na jibu lililokuja halikuwa zuri sana. Marko akaliandika hivyo hivyo. Kama mtu angekuwa anatunga hadithi ya kumtukuza kiongozi wake, ile nusu ya kwanza angeifuta asubuhi na mapema. Nina hakika Mathayo na Luka walikuwa na sababu zao za kuiacha, na moja ya sababu hizo inawezekana ni hii: inasumbua.

#7 Mbishi wa Kijiweni

Hapo umenijibu kiungwana. Sijasilimu wala sijaokoka, ila "mlango wa jibu baya" nimeiandika pembeni.

#8 Muuguzi wa Zamu

Jamani naomba nichangie kwa kazi yangu. Nipo kitengo cha macho, miaka mingi sasa. Wagonjwa wetu wengi ni wazee wenye mtoto wa jicho. Kesho yake baada ya upasuaji tunafungua bandeji, tunasimama mbele yake, tunanyoosha vidole. "Babu, hivi ni vingapi?" Hatuulizi "umepona?" Hata siku moja. Ukimwuliza mzee kama amepona atakwambia "nimepona mwanangu, Mungu akubariki", kwa sababu anataka kukufurahisha, na watoto wake wamesimama pale wamechangishana hela. Ukiuliza vidole vingapi, ndipo ukweli unatoka. Wengine wanasema naona ukungu, naona kitu cheupe kinapita. Hiyo siyo kushindwa kwa upasuaji. Jicho limevimba, linahitaji matone na siku kadhaa, na baadaye pengine miwani.

Kwa hiyo niliposoma "Waona kitu?" nilicheka peke yangu kwenye daladala. Hilo swali ni letu!

Na kitu kingine: huyu mtu alijua miti inafananaje. Aliwahi kuona. Wa Yohana 9 ndiye aliyezaliwa kipofu. Wale ambao hawajaona tangu utotoni wakifunguliwa macho ukubwani, shida yao ni nyingine kabisa: wanaona, lakini ubongo hauwaambii wanachokiona ni nini. Mwaka 1728 daktari Mwingereza William Cheselden aliandika habari za kijana aliyemwondolea mtoto wa jicho. Kijana alikuwa anaona paka na mbwa asiweze kuwatofautisha, mpaka alipomkamata paka akampapasa, ndipo akamjua. Kwa hiyo kuona kuna sehemu ya jicho na kuna sehemu ya kujua unachokiona. Walimu wa dini mtatuambia hiyo maana yake ni nini, mimi zamu yangu inaanza saa moja.

#9 Fundi Redio

Muuguzi ubarikiwe. Vidole vingapi!

#10 Kiswahili Sanifu Kidogo

Nimefundisha lugha sekondari, naomba niwaonyeshe kitu ambacho mmekipita juu. Soma tena: "Naona watu kama miti, inakwenda." Kinachokwenda ni nini? Ingekuwa watu, ingekuwa *wanakwenda*. Imeandikwa *inakwenda*, kwa hiyo ni miti. Kwenye Kigiriki kitenzi kinafuata watu, ni watu wanaotembea. Wafasiri wetu wa Biblia ya Union wakakipeleka kwenye ngeli ya miti, na waliotafsiri Habari Njema nao wakasema miti inayotembea.

Sisi kwa Kiswahili mtu au mnyama tunampa a-/wa-, hata kifaranga, hata kipofu mwenyewe: tunasema kipofu *anaona*, hatusemi *kinaona*. Ukimtoa mtu kwenye a-/wa- umemtoa kwenye uhai. Kwa huyu bwana, kwa dakika ile, binadamu wenzake walikuwa wameingia ngeli ya miti.

Sijui kama wafasiri walikusudia. Lakini mimi nimekaa kanisani miaka na nimewaona wengi wenye macho mazima wanaowaona wenzao katika ngeli hiyo. Huyu ni mti wa matunda, atatoa ahadi kubwa kwenye harambee. Huyu ni mti wa kivuli, nikae karibu naye, ana cheo. Huyu ni kuni.

#11 Kinanda cha Kale

Mwalimu... nimesimama. Nimeusoma mstari huu tangu kipaimara na sikuwahi kuona hiyo *i*.

#12 Paroko Mtarajiwa

Nami niko nanyi, ila niwawekee breki kidogo. Tunapenda sana kugeuza kila kitu mfano. Petro ni kipofu, kanisa ni kipofu, miti ni harambee. Yule alikuwa mtu. Alikuwa na njaa, alikuwa na nyumba, alitaka kuona. Kalvini, yule mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, aliposoma habari hii alisema tu kwamba Bwana alionyesha uhuru wake, hafungwi na utaratibu mmoja wa kuponya, mwingine anampa kwa mkupuo na mwingine kidogo kidogo. Mimi ni Mkatoliki na si kawaida yangu kumnukuu Kalvini, ila hapo tumekutana.

#13 Kinanda cha Kale

Nimepokea breki. Tena ni kweli kabisa, ukianza na mfano kabla ya mtu utamkosa mtu. Ila sidhani kama Marko anatulazimisha kuchagua. Yule mtu alipona kweli, na Marko alijua aiweke habari yake wapi.

#14 Sindano Mbili kwa Siku

Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu. Nina kisukari tangu 2014. Miaka sita iliyopita nilikwenda kwenye mkutano mmoja, jina sitalitaja, nikaombewa, nikaanguka. Nilipoinuka nikawekewa kipaza sauti mdomoni. "Unajisikiaje mama? Sema, umepona au hujapona?" Watu maelfu, kamera, kinanda kinapigwa. Ningesema nini? Nilisema nimepona. Wakashangilia. Wakaniambia kurudi kwenye dawa ni kumkana Yesu.

Nilikaa siku kumi na moja bila insulini. Sitasimulia zaidi. Dada yangu ndiye alinibeba hospitali.

Kilichonitesa baadaye si ugonjwa. Ni kwamba nilisema uongo mbele za Mungu na nikaamini uongo huo ndiyo imani. Miaka yote nimekuwa naogopa kuomba uponyaji tena, nadhani Mungu ataniuliza mbona ulishapona mwaka ule.

Leo nimesoma kwamba Yesu mwenyewe aliuliza, mtu akajibu "naona kama miti", na Yesu hakumwambia "kiri uponyaji wako". Aliweka mikono tena. Nimesoma mara nne.

#15 Muuguzi wa Zamu

Dada yangu, pole sana. Pole sana. Insulini yako endelea nayo, na siku ukiombewa tena, pima sukari kabla na baada kama kawaida. Hiyo si kumjaribu Mungu, ni kuhesabu vidole.

#16 Shamba la Mpera

Dada Sindano Mbili, mimi ndiye niliyesema hapo juu "jichunguze". Nimesoma ujumbe wako nikiwa kazini na nimeona niandike. Bado naamini imani ina nafasi yake katika uponyaji, sitabadilisha hilo. Lakini nilisema kama mtu aliye jukwaani na kipaza sauti, nikasahau kuna anayesikiliza. Unisamehe.

#17 Sindano Mbili kwa Siku

Nimekusamehe ndugu yangu. Amani.

#18 Kinanda cha Kale

Nimeshindwa kuandika tangu mchana. Nitaongeza jambo moja tu kwa ajili ya dada, halafu ninyamaze.

Angalia mwisho wa habari. Baada ya kuona yote waziwazi, Yesu anampeleka nyumbani kwake na kumwambia, "Hata kijijini usiingie." Ule ndio wakati ambao sisi tungemsimamisha mbele, tumpe dakika tano za ushuhuda, tupitishe kapu. Yesu anamtuma kwa mke wake, kama alikuwa naye, au kwa mama yake. Wa kwanza kumwona vizuri wawe watu wa nyumbani.

Na neno lile alilolitumia Marko kusema "akawa mzima", kwa Kigiriki ni la kurudishwa kilipokuwa kitu, kama mkono wa yule wa sinagogi, sura ya 3, uliorudi kuwa mzima. Neno la "waziwazi" nalo ni adimu, katika Agano Jipya lote limetumika hapo tu, na lina maana ya kuona wazi hata vilivyo mbali. Aliyeanza kwa kutotofautisha mtu na mti akaishia kuona ng'ambo ya ziwa.

Alikuja ameshikwa mkono. Aliondoka peke yake.

#19 Fundi Redio

Mzee, bibi wa maandazi alisemaje ulipompa lile jibu la "mikono miwili"? Hujatuambia.

#20 Kinanda cha Kale

Ah, bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, nikajua nimefaulu. Kisha akasema: "Mwalimu, jibu zuri. Sasa wale waliomleta wako wapi?"

Nikamwambia walibaki kijijini.

Akasema: "Walimwona anachukuliwa kipofu. Ile mara ya pili hawakuiona. Na yeye kaambiwa asiingie kijijini. Kwa hiyo wao mpaka leo hawajui kama jirani yao alipona?"

Chai ilikuwa imeshaletwa lakini hakuna aliyeigusa. Jumatano ijayo tunarudi mistari ile ile mitano.